Usingizi wa Angani

Uwanja wa kiwanda cha saruji
Juni 4

Mama Pacha,

Tumefika. Nimeanza na hilo kwa sababu najua barua hii utaisoma umesimama mlangoni, unga umekujaa mikononi, na hutakaa mpaka uhakikishe kwamba mumeo na mdogo wako wako wazima. Tuko wazima. Sasa kaa.

Ndege imetubeba kama yai. Wale waliokuwa wananicheka, eti mabomba ya alumini na kitambaa na injini ya kusagia mahindi, ningependa wangetuona tukipita juu ya mto asubuhi ya leo. Maisha yangu yote nimefundisha watu udereva, nimekaa kiti cha abiria nikikanyaga breki ya roho. Huku juu hakuna wa kukuwashia taa ya kushoto halafu akakata kulia. Ukishaipanga ndege vizuri, unaweza hata kuachia usukani, inakwenda yenyewe kama punda anayejua kwao.

Shemeji anasoma ramani vizuri kuliko nilivyotegemea. Amekaa nyuma yangu, magoti yake yakinichoma mgongoni, na kila tukivuka barabara ananigonga bega: "Barabara hiyo, Shemeji, tuko sawa." Usinielewe vibaya, nafurahi kwamba ulinilazimisha nije naye.

Kuanzia hapa tunaingia nchi ya milima, na baridi yake wanasema si ya mchezo. Lakini kumbuka hita aliyotufungia Fundi Bati. Bomba la moshi la injini amelivika koti la bati. Hewa inapita kati ya koti na bomba, inapata joto, inaletwa na mpira hadi ndani, nyuma ya kiti changu, kwenye miguu ya Shemeji. Leo tumeijaribu kwa mara ya kwanza. Mdogo wako alilala kama mtoto aliyetoka kunyonya.

Huku simu ni ndoto. Niandikie kwenye uwanja wa machimbo, basi la barua litaiwahisha. Tukimaliza nchi yote hii, toka mpaka hadi mpaka, nitakuwa baba mwenye jambo la kuwasimulia wanawe. Wabusu wote wawili, na yule mkaidi mbusu mara mbili.

Wako,
Baba Pacha


Nyumbani
Juni 7

Baba Pacha,

Nilisoma nimesimama, ni kweli, na nilikaa uliponiambia nikae. Usizoee kuniamrisha.

Watoto wazima. Kulwa amechora ndege yenu ikiwa na ngazi, anasema mtashukaje bila ngazi. Doto hataki hata kuisikia. Anasema baba yake ni mwalimu wa gari, hayo mengine ni uongo. Mikate inatoka. Tanuri la pili limekuwa na kiburi wiki hii, lakini nimelinyoosha.

Hilo la baridi limenikaa moyoni. Wewe kifua chako nakijua, upepo kidogo tu unakohoa mwezi mzima. Hita peke yake haitoshi. Nyumba yenye nyufa haipashwi moto hata ukiwasha majiko kumi. Kwenye mfuko wa dawa nimewawekea utepe ule mpana wa gundi ninaofungia maboksi. Zibeni kila upenyo: pembeni mwa mlango, chini ya kioo, pale miguuni. Upepo usipate pa kuingilia. Na mvae soksi mbili mbili.

Halafu, hili ni letu sisi wawili. Mdogo wangu ametimiza mwaka wa pili hajagusa chupa. Mwangalie, lakini asijue kwamba anaangaliwa. Safari ndefu, wenyeji wakarimu, mtu huteleza. Nilitaka aende nawe ili ajione mtu tena, si ili apate pa kujificha.

Fikeni salama.

Mama Pacha


Uwanja wa machimbo
Juni 11

Mama Pacha,

Utepe wako ni dawa. Tumeziba kila mahali, na ndani sasa ni kama jikoni kwako. Nje kioo kinashika barafu, sisi ndani tunafungua vifungo vya koti. Wenyeji wa hapa hawakuamini tulipita kule juu bila kutetemeka.

Kichwa ndicho kinanisumbua. Kinagonga kama mtu anapigilia msumari, kinaanza tukiwa juu na kinaniacha jioni nikishakuwa chini. Ni ule urefu wa milima. Wenye uzoefu wanasema kila mtu hupata.

Lililonifanya nikuandikie ni jingine, na nimelizunguka muda mrefu. Nadhani Shemeji amevaa miwani tena. Sijaona chupa. Lakini safari ya jana alilala toka tulipopita bonde, nikimwita haitiki, na alipoamka maneno yake yalikuwa yanaburuza. Nilimuuliza mto ule ni upi, akanijibu, "Mto ni mto, Shemeji." Tulipotua alishuka akayumba, akatapika kando ya tairi, watu wanaangalia. Mlinzi wa uwanja alinitazama mimi, kama vile nimemleta mlevi makusudi.

Kwa kuwa hakuna aliyekuwa akisoma ramani, nilitua vibaya kidogo. Si kitu. Magurudumu yaligusa mbali mno tukaingia kwenye nyasi. Ndege nzima. Nisingetaja, ila usije ukasikia kwa mwingine.

Usimwandikie. Nitazungumza naye kiume. Kichwa kinagonga tu, ila ni ule urefu wa milima.

Baba Pacha


Nyumbani
Juni 14

Mdogo wangu,

Shemeji yako kanikataza nisikuandikie, kwa hiyo naandika.

Uliponiomba nikusimamie ulilia kwenye gunia la unga mbele ya wafanyakazi wangu. Sikukucheka. Nilikupa chumba, nikakupa kazi, na shemeji yako aliposema anatafuta mtu wa kukaa kiti cha nyuma nilikutaja wewe, nikamwambia, "Huyu amepona." Sasa naambiwa unapiga maji, unalala angani, unatapika uwanjani mbele za watu, na maisha ya baba wa wanangu yako mikononi mwa mtu asiyeweza kutaja jina la mto.

Kama unakunywa, shuka. Shuka kwenye hiyo ndege, tafuta basi, urudi kwa njia yako. Usimuue mume wangu.

Dada yako


Uwanja wa nyanda za juu
Juni 17

Dada,

Nimeisoma barua yako nyuma ya banda la mafuta, kwa sababu sikutaka Shemeji anione uso.

Sijanywa. Naapa kwa kaburi la mama, na wewe unajua siapi kwa hilo ovyo. Kama ungeniuliza ningekujibu, lakini hukuuliza. Umepokea umbea wa mume na mke, ukanihukumu.

Sasa nikueleze ambayo mumeo hakueleza. Ni kweli nalala. Nikipanda naanza kuona kope nzito kama nimefungwa mawe, na kichwa kinauma mpaka nasikia meno. Nilidhani ni woga. Lakini yeye je? Leo tulipoukaribia uwanja huu alipita juu yake. Nikamgonga bega, "Shemeji, uwanja huo, tumeuacha." Akasema, "Najua." Hakugeuza. Nikamgonga tena. Akacheka, Dada, akacheka kile kicheko cha mtu anayeambiwa hadithi usingizini. Ikabidi nimshike kola nimtikise. Alipogeuza alishuka kuelekea paa la ghala, si njia ya ndege. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Tulipita juu ya bati nikaona misumari yake.

Chini, baada ya muda, alikuwa mtu wa kawaida. Akaniambia nimemvuruga kwa kelele zangu za kilevi. Akaninusa mdomo! Mimi, mtu mzima, kama mtoto wa shule. Hakupata harufu, akasema nakunywa ile isiyonuka.

Nimemwambia sipandi tena. Lori la mafuta litapita wiki ijayo, nitashuka nalo. Umesema nishuke. Nimeshuka.

Mdogo wako


Uwanja wa nyanda za juu
Mei 17

Mama Pacha,

Tumefika. Safari ilikuwa nzuri. Baridi kali nje lakini ndani joto zuri, utepe wako ni dawa.

Mdogo wako tumegombana. Alinipigia kelele wakati wa kutua, ikabidi nirekebishe ghafla. Anasema hapandi tena. Na asipande. Nitamaliza mwenyewe, kilichobaki si kingi, ni kuvuka tu ule ukingo wa milima na kushuka kwenye uwanja wa ziwani.

Safari ilikuwa nzuri. Mkono wangu unanisumbua kuandika leo, herufi hazikai kwenye mstari, utanisamehe. Kuna kitu nilitaka kukwambia kuhusu watoto, kimenitoka. Kitarudi.

Ndani joto zuri. Mbusu Kulwa, na yule mwingine.

Baba Pacha


Nyumbani
Juni 20

Baba Pacha,

Nakala ya barua hii nimeipeleka pia uwanja wa ziwani, ikikupita hapo ikukute huko. Kabla hujasoma mbele: USIRUKE. Ing'oe hita. Toa utepe wote.

Jana asubuhi mvua ilinyesha na kukawa na baridi. Mkandaji wangu wa unga, yule mtu mzima asiyejua hata harufu ya pombe, alijifungia stoo na jiko la mkaa ili apashe mwili kabla ya zamu. Nilimkuta amekaa juu ya magunia anacheka peke yake. Nikamwita, ananitazama kama ananiona kupitia maji. Nilimsimamisha, miguu ikamkataa. Akatapika. Nami nikamfokea, "Na wewe umeanza kunywa?" Ndipo nikaliona jiko, na mlango nilioufungua, na dirisha alilolitia gunia ili upepo usiingie. Tulimburuta uani. Baada ya saa kadhaa alikuwa ananiomba msamaha, anasema kichwa kinagonga tu.

Leo barua zenu zimefika pamoja. Nimezisoma kwenye meza ya kukandia. Kila neno la Mkandaji limo humo. Usingizi, kichwa, kutapika, kicheko. Kisha mkifika chini mnapona. Na wewe, mume wangu, mtu wa kuweka tarehe hata kwenye orodha ya sokoni, umeandika Mei. Umeniambia mara mbili kwamba safari ilikuwa nzuri. Watoto wako wawili, ukamtaja mmoja, mwingine ukamwita "yule mwingine."

Bomba la moshi limepasuka ndani ya lile koti la bati. Mimi si fundi lakini maisha yangu ni moto, na najua moshi wa aina hiyo hauna rangi, hauwashi macho, hauombi ruhusa. Unavuta sumu. Mdogo wangu anazidiwa mapema kwa sababu mpira unamwagia miguuni kwake, lakini hata wewe umo. Nami ndiye niliyekwambia uzibe nyufa.

Nimekwenda posta kupiga simu. Waya wa huko umekatika kwa mvua, hata simu ya maandishi haipiti. Karani kaniambia nirudi wiki ijayo, nikamwambia wiki ijayo ni mbali. Nimempa dereva wa basi la barua bahasha hii mkononi, nimemwapisha.

Mwambie mdogo wangu nilimkosea. La, nitamwambia mwenyewe. Wewe kaa chini tu. Kaa chini hata ukiniona mjinga.

Mama Pacha


Uwanja wa nyanda za juu
Juni 23

Dada,

Barua yako imefika. Ndege imeondoka.

Naandika haraka, gari linaniwashia taa. Siku zote hizi mawingu yalikuwa yamelala juu ya milima, hakuna aliyeweza kuruka. Tulikaa chini, na nikwambie ukweli, hakuna aliyeumwa kichwa. Tulianza hata kuongea. Jana alininunulia chai, akasema, "Shemeji, yaliyopita si ndwele, panda tumalize wote." Nikakataa. Nilikuwa na barua yako ya kwanza mfukoni, nikamwambia, "Mkeo amesema nishuke." Hakubishana. Leo mawingu yalipofunguka alinipa mkono, akafunga mlango, nikamsaidia kubana utepe kwa nje kwa sababu ulikuwa unabanduka. Mimi, Dada. Kwa vidole vyangu hivi.

Basi la barua lilipofika vumbi la ndege lilikuwa limeshatulia. Dereva aliniita jina langu toka mbali akipunga bahasha.

Mlinzi wa uwanja ana redio ya kuongea na wa ziwani. Tulianza kuwaita mara moja, tukawaambia akitokea wampungie, wawashe moto, wafanye lolote ashuke. Tukasubiri. Walipojibu, yule mtu wa ziwani alisema ndege imeonekana, imetokea pale pale ilipotakiwa itokee, imenyooka, mabawa sawa. Walitandaza shuka nyeupe. Walipiga fataki. Akasema imepita juu ya vichwa vyao, injini inanguruma vizuri kabisa, wakamwona rubani kwenye kioo, amekaa wima. Haikuzunguka. Haikupunguza. Imekwenda zake upande wa matete, mpaka sauti ikaisha.

Mlinzi alimuuliza, "Alikupungia?" Yule akasema, "Hapana. Nadhani alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesoma."

Kuna mafuta mengi kwenye tangi, naomba Mungu nisijue hesabu hiyo. Tunaondoka na gari la uwanja kufuata uelekeo.

Usiwaambie watoto kitu bado.

Mdogo wako


Nyumbani
Julai 9

Mdogo wangu,

Umeondoka siku ya pili ya mazishi, viti vya kukodi havijarudishwa, na hukuniaga. Naandika kupitia kwa mke wa Fundi Bati kwa sababu nadhani najua uliko, na naogopa.

Kwanza nikwambie ambayo sikupata nafasi kuyasema na watu wamejaa sebuleni. Ulimtafuta kwenye matete mpaka ukampata, ukamrudisha, ukakaa naye nyuma ya lori njia nzima ukimshikia kichwa kisigonge ubao. Daktari aliniita pembeni akaniambia alikuwa ameshafariki kabla ndege haijaishiwa mafuta na kuanguka. Hakujua kitu. Alisema kucha zake zilikuwa nyekundu kama za mtu mwenye afya. Nimeziona mwenyewe. Nilizitazama nikasema, huyu analala, mtaniambia nini?

Doto ameniuliza kwa nini baba hakushuka walipompungia. Nimemwambia alikuwa amelala. Akasema, "Si angeamshwa?" Nilitoka nje.

Nakujua unachowaza. Kwamba ungepanda ungemshika kola kama ile siku. Usingemshika. Ungelala kabla yake. Ningezika wawili, na wa pili ningemzika nikiamini alikuwa mlevi. Nilikuandikia maneno mabaya ya uongo, na ndiyo yaliyokushusha. Sijui hilo nilifanyeje, sijui hata niliweke wapi. Kila nikilishika linaniunguza. Naomba msamaha wako, lakini usinipe sasa, nipe siku ukiwa nao kweli.

Ninachokuomba leo ni kimoja. Usimguse Fundi. Watoto hawa wamebaki na mjomba. Mjomba aliye gerezani hawafai.

Rudi.

Dada yako


Kwa Fundi Bati
Julai 12

Dada,

Barua umeituma mahali sahihi, na woga wako ulikuwa wa haki. Nilikuja na nondo ndani ya gazeti.

Nilimkuta karakana imefungwa, yeye amekaa ndani chini, zana zote amezipanga mbele yake kama mtu anayehama. Habari ilikuwa imemfikia. Aliiona nondo. Hakuinuka. Akasema, "Kabla hujafanya ulichokuja nacho, nisikilize kidogo. Nimefunga hita tatu nyingine kama ile."

Nikamuuliza, "Na umekaa hapa?"

Akasema alikwenda kwa wa kwanza, akafukuzwa. Mwenye ndege alimwambia ametumwa na washindani wake amharibie safari. Aliporudi alifunga karakana, hakwenda kwa wengine. Anasema bati lake yeye halikuwa na kosa, bomba la ndani ndilo jembamba, linachoka kwa mtikisiko, na yeye hakuacha nafasi ya mtu kulikagua. Alikuwa analia. Nondo nikaiegemeza ukutani, ndiyo iliyotusaidia baadaye kufungua lango lililoshika kutu.

Natoka leo. Wawili kati ya hao wako njia moja, wa tatu ni mbali. Fundi anakuja nami. Nimemwambia akae mbele kwenye gari ili nimwone.

Waambie watoto nitakuja.

Mdogo wako


Barabarani
Julai 15

Dada,

Ya kwanza tumeifungua.

Mwenye ndege alitupokea kwa matusi, akatishia kuita polisi. Nikamwambia aite, tutawasubiri. Halafu nikamuuliza kitu kimoja tu: "Kichwa kinakuumaje ukiwa juu?" Akamtazama binti yake, msichana mkubwa anayemsomea ramani, aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha bawa amejishika paji la uso.

Fundi alilikata lile koti la bati kwa mkasi mbele yao. Bomba lilikuwa limepasuka, ufa wa kuingiza kidole, kingo zake nyeusi. Yule baba alikiingiza kidole chake mpaka ndani, akakitoa, akabaki anakitazama.

Walikuwa waondoke asubuhi inayofuata, wavuke milima. Binti alikuwa ameshaziba nyufa zote kwa matambara.

Tunakwenda kwa wa pili. Jirani yake tuliyekutana naye njiani anasema hajaonekana tangu juzi, na ndege haipo.

Mdogo wako